Ndugu Watano na Gurudumu la Mbao

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nje kidogo ya mji wa Kahama, baba yangu na mdogo wake walikuwa na karakana ya kutengeneza mikokoteni ya ng'ombe. Haikuwa na jina wala kibao. Watu walisema tu "kwa wale ndugu wawili", na mkulima wa pamba aliyetoka mbali, akiuliza sokoni mahali pa kununua mkokoteni, alielekezwa kwetu kwa maneno hayo hayo. Baba alikuwa seremala, na baba mdogo alikuwa fundi wa kuchomelea. Ekseli na rimu zilitoka kwenye Land Rover zilizokwisha kufa, mbao za bodi zilikuwa za mninga au mtundu, na fuawe yetu ilikuwa kipande cha reli cha urefu wa mkono mmoja, kilichozikwa nusu kwenye gogo ili kisiruke kinapopigwa nyundo.

Karakana ile ilidumu miaka kama saba. Haikuvunjika kwa kukosa wateja, kwa maana msimu wa pamba ulipokaribia watu walipanga foleni. Ilivunjika kwa sababu hakuna aliyejua fedha ni za nani. Baba akichukua za ada ya shule, baba mdogo alinyamaza. Baba mdogo akichukua za mahari, baba naye alinyamaza. Na ukimya ule ulikusanyika mpaka siku moja wakagawana vifaa kama watu wanavyogawana mali ya marehemu. Mashine ya kuchomelea ikaenda kwa baba mdogo na kile kipande cha reli kikabaki kwa baba. Kuanzia hapo hakuna aliyeweza kutengeneza mkokoteni mzima peke yake.

Naeleza haya mapema ili msomaji ajue kwa nini mtu wa Kahama ametumia miezi mingi kusoma habari za familia ya Wamarekani wenye asili ya Kijerumani, na kwa nini nilipopata nafasi ya kufika Chicago kikazi niliomba siku moja ya ziada, nikapanda basi kwenda mji wa South Bend, katika jimbo la Indiana. Jina la familia hiyo ni Studebaker. Wengi wanaolikumbuka wanakumbuka motokaa, kwa kuwa kampuni hiyo iliuza motokaa kwa zaidi ya nusu karne. Lakini kabla ya motokaa ilikuwa imetengeneza magari ya kukokotwa na farasi, maksai na nyumbu tangu mwaka 1852, na kwa muda fulani ilikuwa mtengenezaji mkubwa kuliko wote duniani wa vyombo vya aina hiyo. Iliendeshwa na ndugu watano wa tumbo moja. Swali nililokwenda nalo lilikuwa la mtoto wa karakana iliyovunjika: ndugu watano waliwezaje, wakati wawili walishindwa?

Wahenga wao walivuka bahari kutoka Ujerumani mwaka 1736 na kushuka Philadelphia. Vizazi viwili vitatu baadaye, John Studebaker, mhunzi na mtengenezaji wa magari ya mizigo, alikuwa akifanya kazi yake Pennsylvania, karibu na Gettysburg. Mwaka 1835 alimpakia mkewe Rebecca, watoto na vifaa vya kazi kwenye gari kubwa la aina ya Conestoga alilolitengeneza mwenyewe, akahamia Ashland, Ohio. Nyumba yao ilikuwa na watoto kumi, wavulana watano na wasichana watano. Wavulana wote walipita kwenye karakana ya baba yao, wakajifunza kuvuta mivukuto, kufua chuma na kuunga gurudumu. Walikuwa waumini wa kanisa dogo la Wabatisti wa Kijerumani, watu waliovaa kwa unyofu, waliokataa viapo na walioamini kwamba vita ni dhambi. Inasimuliwa kwamba kwenye karakana yake mzee alitundika maneno ya Mtume Paulo kwa Warumi, ambayo sisi tunayasoma hivi: "Msiwiwe na mtu cho chote, isipokuwa kupendana." Mzee mwenyewe hakutajirika. Lakini wanawe waliyabeba maneno yale kwa jinsi ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo ufunguo wa historia yao yote: waliyachukulia kuwa ni agizo la kwamba hata ndugu yako wa damu usimwache akiwa anakudai.

Mnamo Februari 1852 wawili kati yao, Henry na Clement, walifungua karakana ya uhunzi South Bend wakiwa na mtaji wa dola 68. Henry ndiye aliyekuwa kaka mkubwa, mwenye umri wa miaka 25. Clement alikuwa na miaka 20. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kupiga kwato za farasi viatu, kutengeneza vyuma vya magari ya watu wengine na kukarabati yaliyovunjika, na magari yao wenyewe yalitoka moja moja. Ulikuwa wakati mzuri wa kuwa fundi katika sehemu ile, maana dhahabu ilikuwa imegunduliwa California mwaka 1848 na watu walikuwa wakihama kuelekea magharibi kwa maelfu, na hakuna aliyeweza kusafiri zaidi ya kilomita 3,000 za nyika, mito na milima bila gari la kubebea chakula, watoto na godoro.

Mmoja wa waliokwenda alikuwa ndugu wa tatu, John Mohler, kijana wa miaka 19. Mwaka 1853 aliondoka na msafara, na nauli yake ilikuwa gari: ndugu walilitengeneza, akalitoa kwa msafara ili naye apelekwe na kulishwa njiani. Alifika katika kijiji cha wachimbaji kilichoitwa Hangtown, ambacho leo ni Placerville, akiwa na senti 50 mfukoni. Badala ya kwenda kuchimba alipata kazi kwa mhunzi mmoja aliyehitaji mtu wa kutengeneza matoroli ya kubebea mchanga. Toroli lake la kwanza, wanasimulia, lilimchukua siku mbili na lilikuwa na gurudumu lililopinda, kwa kuwa kijana alikuwa anafahamu magurudumu makubwa ya magari ya mizigo na hakuwahi kuunda dogo la mbele ya toroli. Alijirekebisha. Matoroli yakawa yanauzwa kwa dola 10 moja, na wachimbaji wakampa jina la utani, Johnny wa Matoroli. Alikaa miaka mitano hivi katika kijiji ambacho watu waliokota dhahabu asubuhi na kuipoteza kwenye karata jioni, naye akaweka akiba ya dola 8,000.

Hapa nilisimama kwa muda mrefu katika kusoma kwangu. Sisi tunamfahamu vizuri mtu huyu. Kila ukoo una kijana aliyekwenda Geita au Mererani, na kila ukoo umesubiri fedha zake. Nyingine zilifika na kuliwa katika sherehe, nyingine hazikufika. Fedha za John zilifika mwaka 1858, na kilichofanyika nazo ndicho kilichonifanya nipande basi kwenda South Bend.

Mwaka mmoja kabla, karakana ya Henry na Clement ilikuwa imepata oda kubwa kuliko zote zilizotangulia, ya magari ya mizigo kwa ajili ya Jeshi la Marekani, iliyowafikia kupitia mtengenezaji mwingine wa mji jirani wa Mishawaka. Kwa karakana ndogo, oda ya jeshi ni mlango unaofunguka mara moja. Lakini Henry alikuwa mtu wa dini ya baba yake kwa moyo wote. Wapo wanaoeleza kwamba dhamiri yake haikuweza kutulia huku mikono yake ikitengeneza vyombo vya vita; historia iliyoandikwa kwa idhini ya kampuni yenyewe inasema tu kwamba alichoka na biashara, akataka kulima, na hakupenda hatari za kupanuka. Mimi naamini yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, kwa sababu mtu anayesumbuliwa na dhamiri huchoka haraka. Vyovyote ilivyokuwa, Henry alitaka kutoka, na John alirudi na akiba ya matoroli. John akanunua sehemu ya Henry katika biashara. Kaka mkubwa akalipwa haki yake, akaenda shambani, akaishi mpaka mwaka 1895.

Jambo hili linaelezwa kwa mstari mmoja katika simulizi nyingi, kana kwamba ni hatua ya kawaida tu kabla ya mambo makubwa kuanza. Kwangu mimi ndilo jambo kubwa lenyewe. Mwanzilishi wa kampuni, mzaliwa wa kwanza, aliondoka bila kugawana vifaa. Fuawe ilibaki mahali pake na mivukuto mahali pake, kilichohama ni umiliki, na umiliki ulihama kwa bei iliyojulikana. Kama Henry angedai nusu ya vyuma na nusu ya mbao, pasingekuwa na Studebaker yoyote ya kusimulia. Na kama John angesema kwamba fedha zake ni za nyumbani na kaka asubiri mambo yakikaa sawa, Henry angekaa shambani miaka 37 akiwa na kinyongo, na watoto wake wangerithi kinyongo hicho.

Baada ya hapo kila ndugu alipata mahali pake. Clement alikuwa mtu wa kiwanda na mipango. John alikuwa na jicho la fundi. Peter, wa nne, alikuwa na duka mjini Goshen, kisha mwaka 1860 akaanza kuyauza magari ya kaka zake pale pale dukani, na ikaonekana kwamba ana kipaji ambacho wengine hawakuwa nacho, yaani kumfanya mkulima asiyekuwa na nia ya kununua aanze kulikagua gurudumu. Vita ya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, ilileta oda nyingi za jeshi la Kaskazini. Mwaka 1868 mauzo ya mwaka yalifika dola 350,000, na mwaka huo huo wakaisajili Studebaker Brothers Manufacturing Company, Clement akiwa rais wake, Peter katibu na John mweka hazina. Mdogo wao wa mwisho, Jacob, aliingia mwaka 1875 na kukabidhiwa kiwanda cha magari ya fahari, yale mepesi yenye vioo na viti vya ngozi. Hawakumweka chini ya kaka yeyote kama msaidizi, walimpa kazi yenye mipaka yake.

Sasa niseme kuhusu mbao, maana ndipo mtoto wa seremala anaposoma kwa makini zaidi.

Gari la kukokotwa huvunjika kwenye gurudumu kabla ya kuvunjika mahali pengine. Gurudumu la mbao lina sehemu tatu: kitovu cha katikati, spoki zinazotoka kwenye kitovu, na vipande vilivyokatwa kwa mviringo ambavyo vikiungwa pamoja hufanya mzingo. Kila sehemu hutaka mti wake. Kitovu kinataka mti usiopasuka hata ukitobolewa matundu mengi. Spoki zinataka mti mgumu wenye nyuzi zilizonyooka, na huko walitumia mwaloni na hikori. Lakini hata mti ulio bora, ukiwa mbichi, ni hasara. Mbao mbichi husinyaa inapokauka, na ikisinyaa ikiwa tayari ndani ya gurudumu, spoki hulegea kwenye matundu yake, gurudumu huanza kulia kama mlango mbovu, na siku ya tatu au ya thelathini hulala chini. Kwa hiyo mbao ilikatwa, ikapangwa uwanjani kwa tabaka zilizotenganishwa na vijiti ili hewa ipite, ikaachwa. Kanuni ya maseremala wa kule ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Maana yake ni kwamba kampuni ilikuwa na fedha nyingi zimelala uwanjani kwa miaka, zikinyeshewa na kupigwa na upepo, bila kuzaa hata senti, wakati wateja wanagonga mlango.

Baba yangu alijua hilo. Alikuwa akibonyeza ubao kwa kidole gumba, akainusa ncha yake iliyokatwa, akasema, "Huu bado una maji." Kisha aliutumia, kwa sababu pamba ilikuwa inasubiri shambani na mteja alikuwa ameshalipa nusu ya bei, na nusu hiyo ilikuwa imeshaliwa. Bodi za mikokoteni yetu zilitoka nzuri na zilikaa vizuri hadi Agosti. Agosti jua la Kahama lilizipinda, misumari ikachomoza, na watu wakarudi. Nilikuwa mtoto na nilidhani tatizo ni misumari.

Baada ya gurudumu la mbao kuungwa, hufuata kazi ambayo natamani ningeiona kwa macho. Mhunzi hupima mzingo wa gurudumu kwa kijigurudumu cha kupimia, anachokizungusha ukingoni huku akihesabu mizunguko. Kisha hukata ubamba wa chuma, huukunja kuwa pete na kuunga ncha zake, lakini pete hiyo huifanya iwe ndogo kidogo kuliko mbao. Pete huwekwa motoni mpaka iwe nyekundu, ikatanuka. Watu wawili watatu huibeba kwa koleo ndefu na kuishusha juu ya gurudumu lililolazwa chini, wakiigonga ikae sawa, huku mbao ikitoa moshi na ndimi za moto zikianza kuruka ukingoni. Hapo humwagiwa maji haraka. Chuma husinyaa kwa mlio, mvuke hufunika kila kitu, na ndani ya mvuke ule husikika viungo vya mbao vikilia vinapobanwa, kila spoki ikisukumwa ndani ya kitovu chake kwa nguvu ambayo hakuna nyundo inayoweza kuitoa. Ikiwa mbao ilikuwa kavu, gurudumu hilo sasa ni kitu kimoja. Ikiwa ilikuwa mbichi, pete italegea. Wasafiri wa nyika za magharibi walioona pete zao zikilegea kwa ukame walilazimika kuyalaza magurudumu mtoni usiku kucha ili mbao ivimbe, wakaendelea na safari asubuhi kwa hofu.

Jina la Studebaker lilijengwa hapo, kwenye gurudumu ambalo halikuhitaji kulazwa mtoni. Matangazo ya magazeti yalikuja baadaye.

Moto uliwapiga mara mbili, mwaka 1872 na tena mwaka 1874, na huo wa pili uliteketeza theluthi mbili ya kiwanda. Fikiria uwanja wa mbao zilizokaushwa kwa miaka ukiwa jirani na tanuri za wahunzi. Walijenga upya kwa matofali kwenye eneo la ekari 20, na ni katika miaka hiyo walipoanza kujitangaza kuwa nyumba kubwa kuliko zote duniani ya vyombo vya usafiri. Reli ilifika mpaka mlangoni mwa kiwanda. Jengo lao la Chicago, lililojengwa Michigan Avenue katikati ya miaka ya 1880, bado limesimama, ingawa leo lina jina jingine. Mwaka 1889 Rais Benjamin Harrison aliagiza kwao magari ya Ikulu pamoja na hatamu zake. Kwa maonyesho makubwa ya Chicago ya mwaka 1893 walitengeneza gari la shamba la kawaida kabisa kwa umbo, ila mbao yake ni ya thamani na vyuma vyake ni vya aluminiamu. Nimeliona kwenye makumbusho yao, na nakiri nilitazama viungo vyake muda mrefu kuliko nilivyoyatazama mapambo.

Pale pale kuna gari lililompeleka Rais Abraham Lincoln kwenye Ford's Theatre usiku wa Aprili 14, 1865, usiku aliopigwa risasi. Si wao waliolitengeneza. Clement alilinunua baadaye, kwa kuwa alipenda kukusanya magari yenye historia. Wageni wengi husimama hapo, na wana haki.

Magari yao yalifika pia Afrika. Katika vita ya Waingereza na Makaburu, iliyoanza mwaka 1899, serikali ya Uingereza ilinunua magari ya Studebaker kwa ajili ya jeshi lake kule kusini. Huku kwetu hadithi ilikuwa nyingine. Sehemu kubwa ya nchi ilikuwa ya mbung'o, farasi na ng'ombe hawakudumu njiani, na mzigo ulibaki kichwani mwa mtu. Vita ya kwanza ya dunia ilipofika Afrika Mashariki, majeshi yalikokota watu badala ya maksai, wapagazi waliandikishwa kwa malaki, wengi wakafa, na jina la kikosi chao cha Waingereza limebaki kwetu katika neno Kariakoo. Nikiwa nimesimama mbele ya yale magari mazuri ya South Bend niliwaza wale watu. Gurudumu ni kitu kinachomwondolea mwanadamu mzigo, na pale lilipokosekana tunajua aliyeubeba.

Ndugu walianza kuondoka kuanzia mwaka 1887, wa kwanza akiwa Jacob, yule mdogo. Henry alifuata mwaka 1895 na Peter mwaka 1897. Clement alifariki mwaka 1901, akiacha jumba la mawe lenye vyumba 40 alilolijenga South Bend. John wa Matoroli akabaki peke yake, mzee wa kampuni, na ni yeye aliyekutana na motokaa.

Aliyeisukuma familia kuelekea huko alikuwa mkwe. Fred Fish, mwanasheria, alimwoa Grace, binti wa John, mwaka 1891, na tangu mwaka 1895 alikuwa akihimiza watengeneze gari lisilohitaji farasi. Mwaka 1902 kampuni ilitoa motokaa za umeme, na Thomas Edison alikuwa miongoni mwa wanunuzi wa mwanzo kabisa. Mwaka 1904 zikafuata za petroli, ambazo kwa sehemu kubwa ziliundwa na kampuni nyingine ya Ohio. John hakuzipenda za petroli. Aliziona kuwa ni vitu vya kelele, vya harufu mbaya na vinavyoharibika pale mtu anapovihitaji zaidi. Lakini hakumzuia mkwewe. Naona katika hilo tabia ile ile ya mwaka 1858: mzee aliyekuwa na uwezo wa kufunga mlango aliuacha wazi kwa mtu wa familia mwenye macho mapya. Mwaka 1911 ikaundwa Studebaker Corporation baada ya kuungana na kiwanda cha motokaa cha Detroit, kwa fedha za mabenki makubwa, na hapo, nadhani, biashara iliacha kuwa ya familia hata kama jina lilibaki mlangoni. John alifariki mwaka 1917. Magari ya kukokotwa yaliendelea kutengenezwa mpaka mwaka 1920, kisha kazi hiyo ikauzwa kwa kampuni moja ya Kentucky.

Yaliyofuata ni historia ya motokaa, na wengine wameieleza vizuri kuliko ninavyoweza. Nitaje tu mwisho wake, kwa sababu unahusu deni. Desemba 1963 kiwanda cha South Bend kilifungwa, na mfuko wa pensheni haukuwa na fedha za kutosha. Wafanyakazi wapatao 4,000 ambao hawakuwa wamefikia umri wa kustaafu walipata takriban senti 15 kwa kila dola waliyostahili, na kilio chao ni miongoni mwa mambo yaliyozaa sheria ya Marekani ya mwaka 1974 ya kulinda pensheni. Miaka 111 baada ya Henry na Clement kuwasha tanuri, jina la wana wa yule mzee wa Ashland lilifunga milango likiwa linadaiwa na watu wa karakana. Hakukuwa tena na Studebaker wa kuliona hilo kuwa ni aibu ya nyumbani kwao.

Jioni ile, nikiwa kwenye kituo cha basi, nilimpigia simu baba mdogo. Kahama ilikuwa usiku sana, lakini yeye halali mapema. Baba alikwisha fariki, na kile kipande cha reli kiko kwangu. Nilikichukua kwenye gogo lake siku ya arobaini bila kumwomba mtu. Nilimwamkia, nikamweleza nilikotoka. Nikamsimulia ndugu watano, matoroli, moto, na yule kaka mkubwa aliyetoka akaenda kulima. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Huyo mkubwa," akauliza, "alipotoka walimlipa?"

"Walimlipa, baba. Mdogo wake alinunua sehemu yake yote."

Akanyamaza kidogo. Nikasikia redio yake kwa mbali, kisha ikazimwa.

"Na hizo mbao," akasema, "umesema walizikausha muda gani?"